Usukani wa BSA ya Kahiga

Mureithi alipoambiwa na shemeji yake aitengeneze ile pikipiki ya BSA, alijibu "sawa," vile alivyokuwa akijibu kila kitu tangu Oktoba. Mkewe akimuuliza kama amwongeze ugali, sawa. Daktari akimwambia mfupa wa bega umeunga vizuri, sawa. Watu wa kanisa wakimwambia Mungu ana mipango yake, sawa. Neno lilimtoka mdomoni bila kupitia mahali popote ndani.

Walikuwa wamesimama kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya marehemu Kahiga, barabara ya Korompoi, Kitengela. Keziah, mjane wa Kahiga, alikuwa amelivuta turubai kwa mikono miwili na kuliacha lianguke chini. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Tangi lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, taa ya mbele haina kioo, na usukani, ule wa chini ulioinamia mbele kama pembe za kondoo dume, ulikuwa umekunjika mpaka ncha yake ya kushoto ikagusa tangi.

"Sitaki kuiona ikiwa imepinda hivi," Keziah akasema. "Miezi mitano nimeifunika. Na kuifunika ndiyo kuiona zaidi."

"Sawa, Mama Makena."

"Nataka itengenezwe, Baba Cate. Na ni wewe utaitengeneza. Sitaki mtu mwingine."

Hakumuuliza kwa nini. Alidhani anataka kuiuza, na pikipiki iliyopinda haina mnunuzi. Akasema sawa tena, akaanza kulikunja turubai.

Mureithi alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne. Alikuja Kitengela mwaka wa 1994, kijana kutoka upande wa Karatina, akimfuata kaka yake Kahiga aliyemtangulia kwa miaka tisa duniani na mitatu mjini. Wakati huo mji wenyewe ulikuwa maduka machache pale Noonkopir, na pundamilia walikuwa wakivuka barabara asubuhi kama watu waendao kazini. Kahiga alikuwa mtaalamu wa mifugo, yule ambaye wafugaji humwita daktari hata kama cheti chake hakisemi hivyo. Alichanja, alizalisha, alipandikiza mbegu za madume ya kisasa kwa mrija, na kote alikokwenda alikwenda na ile BSA ya silinda moja, ya mwaka 1967, aliyoinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa akihama kutoka Bissil. Ilikuwa karibu sawa na yeye kwa umri. "Sisi wawili tunazeeka pamoja," alizoea kusema, "lakini yeye anapata vipuri."

Ni juu ya pikipiki hiyo Mureithi alijifunza kuendesha, kwenye uwanda ambao siku hizi umejaa nyumba. Baadaye akawa dereva wa malori ya mawe ya machimbo, kisha, mji ulipojaa watu na mabomba yakaanza kukauka wiki nzima, akanunua lori la maji. Alijulikana lango kwa lango. Akipiga honi mara mbili, watu walitoka na funguo za matangi yao. Alikuwa mtu wa kuongea, wa kuuliza mtoto amefanyaje mtihani, mbwa amepona. Hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka Oktoba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kahiga, ingawa alikuwa amestaafu miaka miwili, alikuwa ameitwa Kajiado kumwangalia ng'ombe wa rafiki yake aliyekataa kula, akamwambia mdogo wake waende wote, wapige hadithi njiani. Walisimama Isinya kunywa chai. Walipotoka, Kahiga akajinyoosha mgongo, akasema, "Shika wewe." Mureithi hakuupenda ule usukani wa chini, ulimlaza juu ya tangi na kumchosha viganja. Lakini kaka ni kaka. Alishika.

Walikuwa wametoka Isinya kitambo ndama alipochomoka kutoka mtaroni akimfuata mamake upande wa pili. Mureithi alikumbuka ndama. Alikumbuka hata masikio yake, jinsi jua lilivyopenya ndani yake yakawa mekundu. Baada ya hapo hakukumbuka kitu mpaka dari ya hospitali. Yeye alivunjika mfupa wa bega na vidole viwili. Kahiga, aliyekuwa nyuma, alifika hospitalini akiwa amekufa.

Kwenye mazishi Karatina hakulia. Watu walimtazama wakingoja. Alisimama na mkono wake kwenye kitambaa shingoni, akaona udongo unaingia, akasikia koleo, akawaza kwamba lori linahitaji kubadilishwa oili. Keziah hakumlaumu. Hakumuuliza hata swali moja. Mureithi alikuwa amejiandaa kwa makelele, kwa kutemewa mate, hata kwa kushtakiwa, na mambo hayo yalipokosa kuja akabaki kama mtu aliyejikaza kubeba gunia akakuta ni tupu. Januari alirudi kwenye lori. Alipiga honi mara mbili, akajaza matangi, akaenda zake. Hakuuliza tena habari za mbwa wa mtu yeyote.

Basi, siku mbili baada ya mazungumzo yale ya bandani, alipakia BSA kwenye pikapu ya jirani akaipeleka kwa Mbuvi. Mbuvi alikuwa fundi wa pikipiki nyuma ya soko la Noonkopir, Mkamba mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa breki. Vijana wa boda walimletea pikipiki zao kwa sababu alikuwa mwepesi, wazee wenye pikipiki za zamani walimletea zao kwa sababu alikuwa mpole.

Aliizunguka mara mbili bila kuigusa. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Pole, mzee." Akachukua uzi, akaufunga nyuma ya gurudumu la nyuma, akauvuta mpaka mbele pande zote mbili, akachuchumaa akafumba jicho moja. "Kabla ya usukani lazima tuangalie shingo. Kama foku hizi zinazoshika gurudumu la mbele zimepinda, usukani mpya utakuwa kofia juu ya mgonjwa." Alitazama kwa muda mrefu. Foku zilikuwa sawa. Pigo lote lilikuwa limemezwa na tangi na usukani.

"Si uunyooshe tu huu?" Mureithi akauliza. "Uko na gesi ya kuchomelea."

Mbuvi aliufungua ule usukani, akaupangusa kwa kitambaa chenye dizeli, akamwonyesha pale ulipokunjika. Ufa mwembamba kama unywele ulionekana. "Chuma kikikunjwa hivi kimechoka. Nikikinyoosha leo, kitangoja mpaka siku uko mbio, kibaki mkononi mwako kama fimbo. Mimi siwezi kufanya hiyo kazi." Kisha akavua miwani. "Nani ataendesha?"

"Sijui. Nafikiri atauza."

"Kama ni ya kuuza, weka wowote. Kama kuna mtu, niletee huyo mtu. Usukani haununuliwi kwa macho, unanunuliwa kwa mabega."

Mureithi akatoka nje ya kibanda akampigia Keziah. Alimweleza habari ya ufa, akamwambia fundi anataka kujua mwendeshaji ni nani.

"Ni Makena," Keziah akasema.

Makena alikuwa mtoto wao wa kwanza, mwenye miaka ishirini na saba. Alifuata kazi ya babake, sasa alikuwa akitibu mifugo huko Illasit, karibu na Loitokitok.

"Makena," Mureithi akarudia.

"Alianza kuniomba hata matanga hayajaisha. Mimi nilikataa. Nilikataa mpaka nikaona anakuja nyumbani kulala bandani, amekaa chini kando ya hicho chuma. Sasa nimechoka kukataa."

Mureithi alijua kwamba hapo ndipo moyo unapaswa kumruka. Alingoja. Akautazama mkono wake wa kulia ulioshika simu, aone kama utatetemeka, lakini ulikuwa umetulia kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa hapo.

"Sawa," akasema.

Makena alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa buti za mpira bado zina matope ya zizini. Alikuwa mfupi kama mamake, mabega membamba, na alimkumbatia Mureithi kwa nguvu akasema, "Ankol, umekonda." Mureithi alimpapasa mgongoni kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua.

Mbuvi alikuwa ameiinua pikipiki kwenye stendi yake, haina usukani, imekaa kama ng'ombe aliyekatwa pembe. Kwanza alileta usukani wa juu na mpana ambao vijana wa boda huupenda, mpya, unang'aa. Akaushikilia pale pa kuufunga, Makena akapanda akashika. Viwiko vyake vilipanda karibu na masikio.

"Kama nimebeba beseni," akasema.

Wa pili ulikuwa wa chini, umetoka kwenye pikipiki ya mashindano, karibu sawa na ule wa Kahiga. Makena aliponyoosha mikono kuufikia alilala kifudifudi, kidevu karibu na kifuniko cha mafuta. Alibaki amelala hivyo kwa muda, shavu upande mmoja, na Mureithi akageuka akaanza kupanga spana za fundi kwa ukubwa.

"Baba alikuwa na mikono mirefu," Makena akasema hatimaye, akainuka.

"Sasa sikiliza," Mbuvi akamwambia. "Funga macho. Usifikirie pikipiki. Kaa kama umekaa kwa kiti unamngoja mtu. Sasa inua mikono kama unapokea mtoto."

Makena akafumba macho, akainua mikono. Ilisimama juu kidogo ya tangi, karibu na mwili, viganja vimegeukiana kidogo. Mbuvi akachukua mpini wa ufagio akamwekea chini ya viganja, akamwambia asiondoke, akaufunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, akaleta futi. Alipima upana, akapima kimo kutoka kwenye vibanio vinavyoshika usukani, akapima kiasi cha kurudi nyuma. Mureithi ndiye aliyeandika tarakimu kwenye kipande cha boksi. Kazi hiyo aliifanya kwa makini kabisa, na ilipokwisha alitamani kuwe na tarakimu zaidi.

"Anataka unaopanda kidogo halafu unarudi nyuma," Mbuvi akasema. "Kama ule pikipiki hizi zilikuja nao kutoka kiwandani. Unene milimita ishirini na mbili. Lakini huo, mzee, hapa mjini sijauona miaka kumi."

Waliuliza Kitengela nzima. Waliuliza Athi River. Mwenye duka mmoja aliwaonyesha picha kwenye simu ya usukani unaotoka ng'ambo, miezi miwili, pengine mitatu. Ni Keziah aliyekumbuka. Yule mtu aliyewaokota barabarani siku ile, mfanyabiashara wa mifugo wa Kajiado aitwaye Abdiaziz, alikuwa amekuja kutoa pole kabla ya mazishi. Alisimama uani akaiangalia pikipiki, akasema babake alikuwa na moja kama hiyo, na mabaki yake bado yako stoo. "Huwa ananipigia kuuliza habari zetu," Keziah akasema. "Habari zako zaidi. Mimi humwambia uko sawa."

Mureithi alikwenda Kajiado Jumanne kwa lori, tangi likiwa tupu. Hakuwa ameipita barabara ile tangu Oktoba. Alikuwa amepanga kutazama, kutafuta mahali penyewe, kupunguza mwendo. Lakini alipokuja kushtuka alikuwa tayari anaingia mjini Kajiado, na hakukumbuka ni wapi aliliacha lile wazo.

Abdiaziz alikuwa mtu wa makamo, ndevu zilizopakwa hina, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa stoo yake karibu na soko la mifugo. Alisimama alipomwona. Alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akavitazama vidole.

"Vimepona," akasema. "Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi na hivi vidole, ndugu yangu."

Walikaa. Mtu akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi. Mureithi alieleza haja yake, akatoa kile kipande cha boksi. Abdiaziz alikisoma, akatikisa kichwa kukubali, lakini hakusimama.

"Wewe unakumbuka siku ile?"

"Ndama tu."

"Unataka nikuambie?"

"Niambie."

"Nilikuwa natoka Isinya na lori ya mbuzi. Ni pale karibu na karavati ya kupitisha maji, iliyopakwa chokaa, kuna mgunga mmoja peke yake. Nilikukuta umekaa chini barabarani. Pikipiki imelala, na wewe umeshika usukani kwa mkono wa kulia, kama mtu amekaa anaongoza. Tulikuambia achia. Hukuachia. Nilifungua vidole moja moja. Viwili vilikuwa vimevunjika na bado vimeshika." Alikunywa chai. "Kaka yako alikuwa anaongea."

"Alikuwa anaongea?"

"Eeh. Tulimweka mbele pamoja na mimi, kichwa hapa kwa bega. Aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa sita na robo. Akasema, 'Bado mapema.' Akauliza mdogo wake yuko wapi, nikamwambia yuko nyuma na mbuzi, mzima. Akasema sawa."

"Halafu?"

"Halafu tukafika Kajiado akiwa amenyamaza."

Mureithi aliyasikia yote. Aliyaelewa. Yalikaa mbele yake kama vyombo vilivyopangwa mezani, na yeye hakuwa na njaa. Aliona mvuke mwembamba ukitoka kwenye chai, akaona nzi akitembea kwenye ukingo wa kikombe. Alipoinua kikombe aligundua kwamba chai imekwisha, na hakujua amekunywa saa ngapi.

"Asante kwa kuniambia," akasema.

"Ni haki yako. Mama Makena nilimwambia siku ile ile nilipokuja kutoa pole. Alisema atakungoja uulize wewe mwenyewe."

Stoo ilikuwa na kamba, ndoo, ngozi zilizokauka, na nyuma kabisa, fremu ya pikipiki isiyo na magurudumu. Usukani ulikuwa umetundikwa kwa msumari ukutani, mwekundu kwa kutu. Ulipanda kidogo, kisha ukarudi nyuma kwa mwinamo mpole. Abdiaziz alimwambia kwamba babake, marehemu mzee Dirie, alizunguka nao minada yote mpaka Namanga. Mureithi alipima. Kila tarakimu ilitofautiana kwa chini ya upana wa kidole. Alipouliza watauziana vipi, mwenyewe alimtazama kama mtu aliyetukanwa, akaufunga kwa gunia akamwekea kwenye lori.

Kuufunga kulichukua siku mbili. Mbuvi aliupiga msasa mpaka chuma kikaonekana, akaupangusa kwa dizeli akitafuta nyufa inchi kwa inchi, hakuona hata mmoja. Kuupaka kromu hawakuweza, kwa hiyo aliupaka rangi nyeusi akauanika juani. Siku ya pili wakauweka kwenye vibanio. Mureithi alishikilia, Mbuvi akapima kutoka katikati kwenda kila ncha, wakausogeza upana wa unywele kushoto, wakapima tena. Kisha wakakaza zile bolti nne kwa zamu, moja huku, moja kule, kidogo kidogo, ili kibanio kisiume upande mmoja. Makena, aliyekuwa ameshaanza likizo, alipanda, akasema viganja vinateremka. Wakalegeza, wakauinua kidogo, wakakaza. Wakafunga leva ya klachi, leva ya breki, swichi ya honi, na raba mpya za mikono walizozipenyeza kwa maji ya sabuni. Waliugeuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Haukugusa tangi.

Mbuvi akapiga kiki. Mara ya nne injini ilishika, ikatoa ule mlio wake mzito wa moja moja. Akaugeuza usukani kulia, mlio ukabaki vile vile. Akaugeuza kushoto. Mlio ukapanda.

"Zima," Mureithi akasema.

"Ni kidogo tu, mzee. Kebo ya akseleta ni fupi kwa sababu usukani umepanda. Ataizoea."

"Zima!"

Watu watatu kwenye kibanda cha jirani waligeuka. Mbuvi akazima. Mureithi alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, ameshika taa kwa mikono miwili kana kwamba pikipiki inataka kutoka bila ruhusa.

"Akikata kona kushoto inaongeza mbio yenyewe. Hujasikia? Inaongeza yenyewe!" Sauti yake ilikuwa imekwaruza, hata yeye aliisikia. "Hii haitoki hapa hivi. Hata kama ni kulala hapa."

"Sawa, mzee," Mbuvi akasema polepole. "Haitoki."

Walichukua kebo ndefu ya pikipiki ya boda, wakaikata kwa kipimo, wakayeyusha risasi kwenye ncha kuipa kichwa kipya. Mureithi aliipitisha mwenyewe chini ya tangi, mbali na bomba la moto, akahakikisha haibanwi popote. Walipowasha tena, aliugeuza usukani kulia na kushoto, labda mara thelathini, ameinamisha sikio. Mlio haukubadilika. Hasira ile ilikuwa imeshatoka mwilini, ikamwacha kama ilivyomkuta, lakini alijua kwamba ilikuwepo.

Makena alifanya mazoezi kwenye barabara za udongo za murram kwa wiki mbili za likizo yake. Jumapili ya mwisho alikuja kwa Mureithi baada ya kanisa, kofia mbili za pikipiki mkononi.

"Ankol, nataka kwenda Kajiado, nimshukuru yule mzee. Twende."

"Nitakufuata na lori."

"Hapana. Nataka ukae nyuma."

Mama Cate, mkewe, alisimama mlangoni na mwiko. Mureithi alimtazama mtoto wa kaka yake. Alitafuta sababu ya kukataa, akaziona nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa na uzito zaidi kuliko nyingine. Akachukua kofia.

Alipanda nyuma. Hapo ndipo alipokaa Kahiga. Aliiweka mikono yake mapajani, kisha, walipofika lami, akashika kiti. Makena aliendesha vizuri, mwendo wa wastani, mgongo wima. Juu ya bega lake Mureithi aliona mikono yake miwili kwenye ule usukani mweusi, viwiko vimelegea. Upepo ulikuwa na joto. Uwanda pande zote ulikuwa umeanza kuwa kijani kwa mvua ya Aprili. Isinya hawakusimama.

Aliiona karavati yenye chokaa kutoka mbali. Akauona na mgunga. Mbuzi wachache walikuwa kivulini, na mama mmoja mwenye shuka nyekundu ameketi kando yao. Mureithi alijua kwamba ni hapo, na akangoja, kama alivyokuwa akingoja tangu Oktoba, kitu kimpasue. Karavati ikaja. Ikapita. Lami ilikuwa safi, haina alama yoyote. Alichokisikia ni goti lake la kushoto tu, lilikuwa likimuuma kwa kukunjwa muda mrefu, maumivu ya kawaida ya mzee.

Baada ya kilomita moja hivi Makena aligeuza kichwa kidogo. "Ankol," akapaza sauti juu ya upepo, "ukifika pale uniambie."

"Tumeshapita."

Mikono haikutikisika kwenye usukani, lakini mwendo ulishuka kidogo, ukashuka tena, kisha akapandisha. Hakuuliza wapi. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na Mureithi akajua analia ndani ya kofia. Aliuondoa mkono wake wa kulia kwenye kiti, akauweka begani kwa Makena, akauacha hapo mpaka walipoingia Kajiado.

Abdiaziz aliwapokea kama ndugu. Aliupapasa ule usukani kutoka ncha hadi ncha, akacheka, akawaita watu waje waone. Aliwalisha wali na nyama ya mbuzi. Makena na yeye waliongea habari za homa ya mbuzi mpaka sahani zikaondolewa, naye Mureithi akalala pale pale kwenye mkeka, mchana kweupe, saa mbili nzima, bila kuota.

Mei, Makena aliipeleka BSA Illasit kwenye pikapu. Mureithi ndiye aliyeifunga kamba. Makena hufunga safari za Jumamosi nayo, kwa wafugaji wa karibu, siku za kazi hutumia pikipiki ya ofisi. Humpigia ankol wake kila Jumapili jioni. Mureithi huuliza kama klachi inateleza, kama bolti za kibanio amezikagua, kama amepaka kebo oili. Halafu mazungumzo hukwama kidogo, na mmoja wao huaga.

Mureithi amerudi kazini siku zote sita za wiki. Juzi, akijaza tangi la mteja mmoja huko Milimani, mbwa wa nyumba hiyo, ambaye zamani alizoea kuuliza habari zake, alikuja akamnusa buti. Mureithi alimtazama kwa muda. Kisha akafunga bomba, akakunja mpira wa maji, akapanda lori kwenda nyumba iliyofuata.